Kadi ya kanga: mliyouliza

Toleo lililopita tulionyesha kadi ya mkono yenye picha ya kanga, yule ndege wa madoa. Maswali yamekuja mengi, nimechagua haya.

Fundi, mimi kuchora sijui kabisa. Si ningeanza na ua tu? (Msomaji, Tanga)

Ua ni gumu kuliko unavyodhani. Kanga yeye ni umbo moja na madoa. Kata karatasi nyeusi kwa umbo la kifuu cha nazi kilichofudikizwa, ongeza shingo nyembamba na kichwa kidogo, ubandike. Kazi yote iko kichwani: ngozi tupu ya buluu, ndevu nyekundu zinazoning'inia mashavuni, na kipembe cha mfupa utosini. Hayo matatu yakikaa sawa, hakuna atakayeuliza ni ndege gani.

Madoa madogo yagonge kwa njiti ya kiberiti, makubwa kwa kijiti cha pamba ya masikio. Anza na madogo karibu na shingo, yaongezeke ukubwa kuelekea ubavuni, na safu zifuate mzingo wa mwili. Ukiyatawanya ovyo, ndege anakuwa bapa.

Ukishamzoea huyu, mjaribu yule kanga wa nyika kavu za Kenya na Somalia, mwenye kifua cha buluu kali na manyoya marefu ya mistari shingoni. Kwangu mimi huyo ndiye mrembo wao, ila mistari yake inataka mkono uliotulia.

Madoa yangu meupe yakikauka yanakuwa kijivu.

Rangi yako ina maji mengi. Rangi nyeupe ya ukutani iliyobaki kwenye kopo inafaa kuliko rangi za maji za watoto. Chovya, gusa mara moja, inua, usisugue. Na kama mwili uliupaka kwa maka peni, huenda wino wake ndio unaopanda kwenye weupe. Tumia karatasi iliyo nyeusi tangu dukani.

Kadi inapasuka kwenye mkunjo. (Mwalimu, Morogoro)

Karatasi ina nyuzi, Mwalimu. Ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana: upande unaokubali kirahisi ndio wa kukunja. Halafu weka rula, pitisha kalamu ya biki iliyoisha wino, ndipo ukunje. Manila ya A4 ukiikata katikati unapata kadi mbili; kila moja ikikunjwa ni milimita 105 kwa 148, na inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6.

Niandike nini ndani? Nampelekea mama mkwe.

Kabla ya ndani, tazama nje. Mpangilio mzuri umeshautundika kwenye kamba ya nguo, kwenye kanga ya kuvaa: pindo kuzunguka, mji katikati, na chini jina, yaani maneno yake. Mweke ndege kwenye mji, zungusha pindo la madoa, na jina liwe kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku. Mombasa, mfanyabiashara wa kanga hizo za kuvaa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alitia methali kwenye kanga zake nyingi, hapo mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo ukiandika jina la kadi ya Idi kwa herufi hizo, hujazua jambo.

Kwa mama mkwe, NANI KAMA MAMA inatosha. Mafumbo yaache, maana atakaa nalo wiki nzima akitafuta umemlenga nani. Ndani andika mistari miwili mitatu ya salamu kwa mkono wako.

Naruhusiwa kubandika manyoya halisi?

Ya kanga wa kufugwa, sawa: yaoshe kwa sabuni, yaanike yakauke kabisa. Ya ndege wa porini yaache huko huko, sheria za wanyamapori si za kuchezea. Na kadi inayovuka mpaka isiwe na unyoya wowote, isije ikakwama forodhani.

Nataka kuziuza. Niweke bei gani?

Piga hesabu ya karatasi, rangi na bahasha, kisha ongeza muda wako. Wengi husahau hilo la mwisho. Usimalize kadi moja moja. Kata miili yote kwanza, bandika yote, ndipo ugonge madoa, maana ukifika ya mwisho ya kwanza imeshakauka.