Toeni mito kwenye kitanda cha mtoto

Mwanangu ana miezi miwili. Nimemnunulia mto wa kutengeneza kichwa. Aulalie upande gani? (Mama wa kwanza, Tabata)

Asiulalie kabisa. Swali hili nimeshalijibu mpaka nimechoka, na bado linakuja kwa sababu mito hiyo inauzwa kila kona na inapendeza kwenye picha. Mtoto wa umri huo shingo haijakaza. Uso ukizama kwenye kitu laini hawezi kujinasua. Kabla ya mwaka mmoja mto hauna kazi. Kichwa kilichobonyea hurekebishwa akiwa macho: mlaze kifudifudi mbele yako dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kikizidi kubonyea, mpeleke kliniki.

Mama mkwe anasema akilala chali atapaliwa. Yeye aliwalaza wanawe sita kifudifudi na wote wapo. (Njia panda, Moshi)

Mpe mama heshima yake, kisha mlaze mtoto chali. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii kirahisi kwenye mapafu. Akiwa kifudifudi mambo yanapinduka. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana. Ubavu nao hautoshi, maana anabiringika. Na hiyo hoja ya "wote wapo", jamani! Waliofiwa hawaji barazani kusimulia.

Nimepata kitanda cha mtumba, ubavu mmoja unapanda na kushuka. Kinafaa? (Baba mtarajiwa, Mbagala)

Hapana, hata ukipewa bure. Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya aina hiyo Juni 2011, baada ya watoto kunaswa kati ya godoro na ubavu uliochomoka. Nenda Keko, fundi akuchongee chenye pande nne zilizokazwa. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, mrudishie fundi kazi yake. Godoro liwe gumu na lijae kitanda, pembeni pasipite vidole viwili. Watu wanamaliza pesa kwenye mbao na vanishi, halafu wanatandika kipande cha sponji kilichokatwa kwenye godoro kuukuu. Hapo umenunua nini?

Ukisema kitanda kiwe kitupu, na mbu je? (Msomaji, Tanga)

Chandarua chenye dawa si pambo. Kifunge juu, kikaze, kichomeke chini ya godoro, kisimwangukie usoni. Ninachokataa ni midoli, mito na yale magodoro membamba ya kuzungushia fito.

Huku baridi kali. Naweka blanketi mbili na jiko la mkaa chumbani. Inatosha? (Mama pacha, Njombe)

Jiko litoke sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na inamaliza nyumba nzima ikiwa imelala. Blanketi nazo toa. Wavalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, bila kofia. Joto lao lipime kifuani au nyuma ya shingo. Viganja vya mtoto huwa baridi tu, visikutishe. Na kila mmoja awe na kitanda chake.

Ahamie lini chumba chake? (Mama Kijana, Dodoma)

Miezi sita ya kwanza kitanda chake kikae chumbani kwenu, si yeye kitandani kwenu. Na ule uzi mweusi shingoni, kwenye picha uliyonitumia: mvue kila anapolala. Hukuniuliza, lakini nimeuona.