Nilidhani ni dagaa: gauti kwa mtu mwenye kisukari na presha

Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hapa Kigoma kila mtu alilia na lake. Mimi nauza dagaa soko la Kibirizi, kwa hiyo nililia la biashara, ila moyoni nilikuwa na faraja moja. Kila mtu alikuwa amenihakikishia kwamba gauti yangu, ule ugonjwa wa maungio kuvimba na kuuma ghafla, inaletwa na dagaa. Nikajisemea, basi angalau mguu utapumzika.

Mwishoni mwa Julai, saa nane usiku, kidole gumba cha mguu wa kulia kikawaka moto. Aliyewahi kuugua gauti anajua: hata shuka likikigusa unataka kupiga yowe. Kufika alfajiri ngozi imevutika, inang'aa kama imepakwa mawese. Na nyumbani dagaa walikuwa wamekwisha tangu Juni.

Nikafanya nililolizoea. Nikamtuma kijana duka la dawa, akaleta diklofenaki, dawa ya maumivu, nikameza siku tisa. Maumivu yalipungua, lakini presha ikapanda hadi 178 kwa 104 na miguu ikajaa maji. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, hupandisha presha na kuumiza figo, na sisi wenye kisukari figo zetu hazina nguvu za kupotezwa. Shambulio la kabla ya hilo nilipewa predinisoloni, dawa ya uvimbe ambayo hupandisha sukari. Sikuulizwa kama nina kisukari, nami sikusema. Sukari ikasoma 19, juu mno.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja kijana. "Mzee wangu, kesho njoo na dawa zako zote, hata za kienyeji." Nikaenda na kikapu, akamwaga kila kitu mezani: metformini ya kisukari, amlodipini ya presha, aspirini ndogo, mabaki ya diklofenaki, na kile kidonge cha presha cha kukojosha. Hicho cha mwisho akakisogeza pembeni peke yake.

"Hiki ulikianza lini?"

"Mwaka juzi, baada ya Ramadhani."

"Na gauti?"

Nikanyamaza, nahesabu. Gauti ilinianza miezi minne baadaye.

Gauti huletwa na asidi ya yuriki ikizidi mwilini na kuganda kwenye maungio, nayo kwa sehemu kubwa hutolewa na figo. Vidonge vingi vya kukojosha huifanya figo iizuie, nayo aspirini ndogo huchangia. Damu yangu ilikutwa na yuriki mikromoli 560 kwa lita, wakati lengo ni kushuka chini ya 360. Alinibadilishia nikapewa losartani, ambayo hushusha presha na yuriki kidogo pia. Tafadhali, usikiache kidonge chako kwa kusoma haya. Kuna wagonjwa wa moyo ambao hicho ndicho kinachowaweka hai. Muulize daktari wako, basi.

Alipima figo kwanza, ndipo akanianzishia alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, miligramu 100, akiongeza polepole. Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza hata kuongezeka. Mimi nilipata mawili. Niliambiwa nisiache dawa hata mguu ukivimba, isipokuwa nikitoka vipele mwilini: hapo niache mara moja na kukimbilia hospitali.

Kuhusu chakula, nasema kwa uchungu, kwa sababu ushauri wa mtaani nusura uniumize. Niliambiwa niache dagaa, nyama na maharage. Nikabaki na ugali wa muhogo na mchuzi, sukari ikapanda. Maharage hayajaonekana kuleta mashambulio ya gauti, na kwa sukari ni afadhali mara nyingi kuliko bonge la ugali. Ya kuogopa ni maini, utumbo, bia na soda. Dagaa nimewapunguza sana, kwa kweli huongeza yuriki mwilini. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, nala kipande mara mbili kwa wiki. Maji nakunywa kutwa nzima.

Siku mguu ukiwaka sasa, nauinua juu ya mto na kuweka chupa ya maji baridi iliyoviringishwa kwenye kanga, robo saa tu. Maji ya moto na kuchanjwa nimekataa, hata shemeji yangu alipokuja na wembe. Mguu wa mwenye kisukari huenda hauhisi vizuri, unaungua huku umekaa. Dawa ya shambulio natumia ile niliyoandikiwa baada ya figo kupimwa. Na kukiwa na kidonda au homa, sisubiri: huenda si gauti, ni uambukizo, na huo hupoteza miguu.

Dawa zangu zote zimeandikwa kwenye karatasi moja ndani ya kadi ya kliniki, na mke wangu anayo nakala. Mwezi uliopita yuriki ilisoma 340. Pembeni ya kidole kimebaki kinundu cha yuriki iliyoganda, kigumu kama punje ya hindi. Daktari anasema nacho kitayeyuka, ila kitachukua muda.