Re: Rekodi ya kifo cha babu, Jinja miaka ya 1960

Salaam ndugu. Kwa hiyo NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda, wamekwambia jina la babu yako halimo kwenye rejista ya vifo. Usishangae: kazi ya kusajili vifo walipewa na sheria ya 2015, na zamani wengi walizikwa kijijini bila karatasi yoyote.

Anza na parokia yake. Daftari la maziko huandikwa kwa mkono, tarehe, jina, kijiji, pengine na jina la baba. Tafuta kwa jina la ubatizo, maana la ukoo kila karani aliliandika alivyolisikia! La babu yangu lilikuwa na herufi mbili zimegeuzwa.

Kama aliacha ardhi, ulizia faili ya mirathi kwa Msimamizi Mkuu (Administrator General), ofisi ya serikali ya mali za marehemu, Kampala. Beba kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), la sivyo utazungushwa.