Waongozaji Wawili, Filamu Moja

Swali lenu la wiki hii ni hili: je, filamu moja yaweza kuongozwa na watu wawili bila mmoja kumezwa na mwenzake? Jibu langu ni kwamba yaweza, ila kwa sharti kuwa ubishi wote uwe umekwisha kabla kikosi hakijafika mahali pa kurekodi. Nasema hivyo nikiwafikiria ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, ambao wameongoza pamoja tangu miaka ya 1970. Naamini njia waliyoipitia ingewafaa sana vijana wanaotengeneza filamu hapa Nairobi bila kutegemea stesheni kubwa ya televisheni.

Wengi watajibu kwa methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama, nami sitawalaumu. Kazi yangu ni kupanga ratiba na malipo katika filamu ndogo ndogo za hapa mjini, na katika filamu moja iliyorekodiwa Eastleigh niliwaona waongozaji wawili wakimpa mwigizaji yuleyule maagizo yasiyopatana. Huyu alimtaka aingie dukani kwa kasi, akihema, na yule alimtaka asite mlangoni. Dada yule akaingia mbio kisha akasimama ghafla kizingitini, na onyesho likawa halimridhishi yeyote kati yao. Lililoniuma zaidi ni kwamba kufikia alasiri mpigapicha na mtu wa sauti walikuwa wamekwisha kujua ni yupi wa kuulizwa ili mtu apate jibu analolitaka. Kikosi kikifika hapo, filamu haina tena mwongozaji hata mmoja.

Ndugu wa Dardenne walianzia mbali na sinema. Jean-Pierre alizaliwa mwaka 1951 na Luc mwaka 1954, wakakulia kando ya mto Meuse, karibu na mji wa Liège, katika eneo lililoishi kwa viwanda vya chuma. Mkubwa alisomea uigizaji, mdogo akasomea falsafa. Aliyewaingiza katika kazi hii ni Armand Gatti, mshairi na mtunzi wa tamthilia kutoka Ufaransa, aliyewaonyesha kwamba kamera ya video, ambayo wakati huo ilikuwa chombo kipya, ingeweza kutumiwa na watu wasio na studio. Walikwenda kufanya kazi katika kituo cha nguvu za nyuklia ili wapate fedha za vifaa, kisha wakaanza kurekodi maisha ya wafanyakazi na kumbukumbu za migomo yao. Mwaka 1975 wakaanzisha kampuni ya filamu za hali halisi iitwayo Dérives. Hawakungoja kupewa ruhusa na mtu, na sidhani kama filamu zao za baadaye zingekuwa na ukweli ule bila miaka hiyo ya kukaa na kuwasikiliza watu wakijieleza.

Hata hivyo, walipogeukia filamu za kubuni walijikwaa. Ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Ya pili, Je pense à vous ya mwaka 1992, ilisimulia habari za mfanyakazi wa chuma wa mji wa Seraing anayepoteza kazi. Mada hiyo waliijua kuliko mtu yeyote, lakini filamu yenyewe ilitengenezwa kwa utaratibu uliozoeleka, kwa kikosi kikubwa na kwa maamuzi mengi yaliyokuwa nje ya mikono yao. Haikufaulu, na wao wenyewe hawakuipenda. Wangeweza kutafuta mtayarishaji mwenye mfuko mnene zaidi. Badala yake, mwaka 1994 walifungua kampuni nyingine, Les Films du Fleuve, wakapunguza kikosi, wakachagua waigizaji ambao hawakuwa na majina makubwa, na wakarudi Seraing. Filamu iliyofuata, La Promesse ya mwaka 1996, ndiyo iliyowafungulia milango ya dunia.

Namna wanavyofanya kazi ndiyo hasa inayojibu swali lenu. Kwanza huzungumza kwa muda mrefu sana kuhusu hadithi, kisha Luc huandika muswada, Jean-Pierre huusoma na kuukosoa, nao huurudia mpaka kila mmoja aweze kuutetea kama wake. Baada ya hapo huwachukua waigizaji kwa wiki kadhaa za mazoezi mahali palepale patakaporekodiwa, bila kikosi, wakiwa na kamera ndogo ya video tu. Hapo ndipo wanapobishana, wanapojaribu, wanapobomoa. Mwigizaji akipitia mlango huu na isifae, hupitia ule. Wakati wa kurekodi ukifika, mmoja husimama karibu na waigizaji na mwingine hutazama kwenye skrini, halafu hubadilishana. Baada ya kila mkupuo, yaani kila mara kamera inaporekodi onyesho na kusimamishwa, hukutana kando, wakaafikiana, na agizo linalotoka ni moja. Tena hurekodi maonyesho kwa mfuatano wa hadithi yenyewe, la kwanza hadi la mwisho, ili mwigizaji akue pamoja na mhusika wake, na ili wao wawe na nafasi ya kurudia onyesho la nyuma wakiona mambo yamegeuka.

Tazama mwanzo wa Rosetta, filamu iliyowapa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 1999. Msichana mwenye kofia ya kazi kichwani anapita kwa hasira katika vyumba vya kiwanda, akifungua na kubamiza milango, na kamera iko nyuma ya shingo yake, ikichelewa kidogo kila anapokata kona. Hatujaambiwa lolote, lakini tunajua amefukuzwa kazi na hataki kuondoka. Baadaye, kila anapokwenda kwenye kambi ya nyumba za magurudumu anakoishi na mama yake mlevi, huvua viatu vyake vizuri kichakani na kuvaa mabuti aliyoyaficha ndani ya bomba la saruji. Hapana muziki wa kutuambia tumhurumie. Émilie Dequenne, aliyeigiza sehemu hiyo akiwa kijana mdogo na asiyejulikana, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huohuo. Alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 43 tu, na mimi kila nikiitazama filamu hii namkumbuka kwa heshima. Onyesho lile la kiwandani halikubali waongozaji wanaovutana. Mpigapicha aliyebeba kamera begani hawezi kufuata hasira ya aina mbili.

Baada ya hapo waliipata Palme d'Or tena kwa L'Enfant mwaka 2005, jambo lililowafikia waongozaji wachache mno, na hata mwaka 2025, wakiwa wamepita miaka sabini, walirudi Cannes na kupewa tuzo ya muswada bora kwa Jeunes mères. Karibu filamu zao zote zinahusu mji uleule wa Seraing na watu wa aina ileile, yaani wanaotafuta kazi, wanaodaiwa kodi, wasio na hati. Katika La Promesse, Hamidou, kibarua kutoka Burkina Faso, anaanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi wakaguzi wanapofika ghafla, na mwajiri anakataa kumpeleka hospitali. Anayefanya kazi za mjengo hapa kwetu hatahitaji kufafanuliwa onyesho hilo.

Hapa Nairobi mfano tunao. Maia Lekow na Christopher King, mke na mume, waliongoza pamoja The Letter ya mwaka 2019, kuhusu bibi mzee wa Pwani anayeshukiwa uchawi na jamaa zake, na ndiyo filamu iliyoiwakilisha Kenya katika mchujo wa tuzo za Oscar za mwaka 2021. Kisha wakaongoza How to Build a Library, iliyoonyeshwa mwaka 2025 katika Sundance, tamasha la filamu la Marekani, kuhusu juhudi za kuifufua maktaba ya McMillan pale Banda Street. Nao pia walikaa na watu wao kwa miaka mingi, na wanafanya kazi chini ya kampuni yao wenyewe. Sioni hilo kuwa bahati.

Tofauti ya fedha ni lazima niikiri. Ubelgiji na Ufaransa zina mifuko ya umma ya filamu ambayo Dardenne wameitegemea, na kurekodi kwa mfuatano wa hadithi ni ghali, kwa sababu nyumba uliyoikodi wiki ya kwanza unaweza kuihitaji tena wiki ya sita. Bajeti nilizowahi kuzisimamia zisingeweza. Mazoezi marefu bila kikosi, hata hivyo, yanahitaji nauli, chakula cha mchana na simu yenye kamera. Ningependa kila jozi ya waongozaji hapa mjini iyapange hayo kabla ya kukodi hata taa moja, na hapo ndipo tofauti zao zitokeze, bila mashahidi.

Jambo la mwisho ni jina na umiliki. Ndugu Joel na Ethan Coen wa Marekani walishirikiana tangu miaka ya 1980, lakini hadi mwaka 2004 ni Joel peke yake aliyetajwa kama mwongozaji, nao wakavumilia kwa kuwa ni ndugu. Wasio ndugu wasijaribu. Majina yote mawili yaandikwe mstari mmoja tangu ukurasa wa kwanza wa muswada, kampuni iwe ya wote kwa hisa sawa, na mkataba useme mapema nani ataendelea na mradi iwapo mmoja atajiondoa.