Maswali ya wasomaji: Jeni za saratani ya kibofu kwenye kompyuta

Kila seli ina jeni zote. Sasa mnapima nini? (Mwalimu wa biolojia, Tanga)

Mwalimu, tunapima kazi. Jeni ikifanya kazi, seli hutoa nakala zake za RNA, na nakala hizo zinahesabika. Chukua UPK2, jeni ya protini inayotanda ukuta wa ndani wa kibofu cha mkojo. Kuna uvimbe ambao nakala zake zimejaa tele. Kwingine zimepungua sana, huku jeni za seli za tabaka la chini la ukuta huo, KRT5 na KRT14, zikipanda. Huo wa pili kwa kawaida ndio mkali zaidi.

Sina maabara, nina kompyuta tu. Naweza kufanya utafiti wa maana? (Mwanafunzi, Morogoro)

Unaweza. Mradi wa TCGA wa Marekani, unaokusanya data za jeni za saratani, ulichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa saratani 412 zilizokwishaingia kwenye msuli wa kibofu. Majedwali ya hesabu za jeni yako wazi, na programu ya takwimu ya R pamoja na DESeq2, kifurushi chake cha kulinganisha hesabu za jeni, ni bure. Usihangaike na mafaili ghafi: yanahitaji kibali, tena yatakumalizia bando.

Nimepata jeni 1,000 zenye p chini ya 0.05 kati ya uvimbe na tishu isiyo na saratani. Nianze kuandika? (Huyohuyo, wiki mbili baadaye)

Bado kwanza. p chini ya 0.05 maana yake bahati tupu ingeleta tofauti kubwa hivyo chini ya mara 5 kati ya 100. Nawe umepima jeni kama 20,000. Asilimia 5 yake ni 1,000, yaani idadi hiyohiyo ungeweza kuipata hata kwa kuwachanganya wagonjwa ovyo. Tazama safu ya p iliyorekebishwa kulingana na wingi wa jeni ulizopima. Njia ya Benjamini na Hochberg ya 1995 ndiyo iliyozoeleka.

Halafu angalia juu ya orodha yako. Naona DES na MYH11 zimeshuka sana, nawe umeshaziita "jeni zinazozuia saratani". Hizo ni jeni za msuli! Kipande cha kibofu kisicho na uvimbe mara nyingi hukatwa na msuli wake, wakati kipande cha uvimbe kimejaa seli za saratani. Kwa hiyo huenda ulichopima ni kisu cha daktari. Makala za namna hii zimejaa, na nyingine zinapita kwa wahariri bila mtu kuuliza. Rudi ukapime uvimbe kwa uvimbe, au tafuta data ya seli mojamoja.

Kwenye jedwali langu kuna jeni inaitwa "2-Sep". Ni nini? (Nairobi)

Ni Excel hiyo. Ilikuwa SEPT2, ikageuzwa tarehe. Mwaka 2020 wenye kazi ya kutoa majina ya jeni walisalimu amri, sasa inaitwa SEPTIN2.

Huku kwetu kuna kichocho. Matokeo ya Marekani yanatuhusu? (Muuguzi, Pemba)

Kwa sehemu tu, dada. TCGA ilichagua saratani za urothelia, yaani utando wa ndani wa kibofu, aina iliyoenea kule, ambako sigara ndiyo chanzo kikubwa. Mayai ya kichocho yakikaa miaka kwenye ukuta wa kibofu huleta zaidi saratani ya seli bapa, ambayo mradi ule haukuikusudia. Kompyuta haiwezi kukuonyesha ugonjwa ambao haukuwekwa ndani yake. Kama hospitali yenu imehifadhi vipande vya wagonjwa kwenye nta, ulizia kibali cha maadili. RNA yake itakuwa imekatikakatika, lakini mbinu za kuihesabu hivyohivyo zipo.