Nilikwenda kufariji, nikaumiza: je, sasa ninyamaze?

Msomaji wetu wa Morogoro ameandika: "Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Mwezi uliopita jirani yangu, ambaye ni mwenzangu kikundini, alifiwa na mtoto wa miezi mitano. Siku ya tatu ya msiba nilimshika mkono nikamwambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kwamba Mungu amempenda mtoto kuliko sisi, na kwamba yeye bado ni kijana, atapata mwingine. Akauchomoa mkono wake, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hanisalimii. Mume wangu anasema nimezidi maneno, bora ninyamaze. Kila asubuhi huwa nawatumia wanakikundi wote 42 mstari wa Biblia kwa simu, lakini sasa hata hilo naliogopa. Ikiwa Maandiko yanatuagiza kutiana moyo, mbona mimi nimeumiza?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote nakupa pole, kwa maana mtu aliyekwenda msibani kwa nia njema akarudi na aibu naye ana jeraha lake, ingawa si yeye aliyefiwa.

Sitakuficha, hata hivyo, kwamba maneno yako yalimuumiza. Ni maneno tunayoyasema sote misibani, nami nimeyasema, na tumeyazoea kiasi kwamba yanatoka kinywani bila kupita moyoni. Twapenda pia kuongeza kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tukisahau kwamba aliyeyanena hayo alikuwa Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe 10, siku ile ile aliyopata habari za vifo vyao. Mfiwa anaweza kusema hivyo, lakini mgeni aliyeacha watoto wake nyumbani wakiwa wazima hana haki ya kumsemea. Rafiki zake Ayubu walianza vizuri sana, kwani waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona jinsi mateso yake yalivyokuwa makubwa. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu za Mungu. Elifazi hata alimwahidi mtu huyo aliyetoka kuzika kwamba uzao wake utakuwa mwingi, jambo ambalo halitofautiani sana na lile lako la "atapata mwingine", na Ayubu katika kujibu aliwafananisha rafiki zake na kijito ambacho wasafiri hukitumainia, wakifika wanakikuta kimekauka. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wale waliomtetea, wala si Ayubu aliyelalamika. Kila ninapoifikia sura hiyo hunitia hofu, kwa sababu nami nimewahi kujipa kazi ya kumtetea Mungu mbele ya mtu anayelia.

Je, mume wako amesema kweli? Kwa nusu. Unyamavu wa siku saba ulikuwa heshima, lakini ukiendelea mwezi mzima, jirani yako ataanza kufikiri kwamba mtoto wake amesahauliwa. Zaidi ya hayo, agizo lenyewe halikuondolewa. Paulo anawaandikia Wathesalonike wafarijiane na kujengana, na mistari mitatu mbele anaonyesha kwamba watu hawapewi dawa moja, kwa kuwa wasiokaa kwa utaratibu huonywa, walio dhaifu wa moyo hutiwa moyo, na wanyonge hutegemezwa. Nadhani hapo ndipo ulipojikwaa. Ulikuwa na neno tayari kabla hujamtazama aliyelihitaji.

Mtazame Barnaba. Jina lake la kuzaliwa ni Yusufu, Mlawi wa Kipro, na mitume ndio waliomwita Barnaba, yaani mwana wa faraja, jina ambalo hakujipa mwenyewe. Sauli, ndiye Paulo, ambaye awali aliwatesa waumini, alipofika Yerusalemu kila mtu alimwogopa, wakidhani uanafunzi wake ni mtego. Barnaba hakumpoza Sauli kwa kumwambia avumilie, mambo yatakuwa sawa. Alimchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza yaliyotokea njiani, Sauli alipokutana na Bwana, na jinsi Sauli alivyohubiri kwa ujasiri Dameski. Alitoa ushahidi. Baadaye alipotumwa Antiokia, Luka anaandika kwamba aliiona neema ya Mungu, akafurahi, ndipo akawasihi watu wadumu katika Bwana. Angalia mpangilio wake: macho kwanza, mdomo baadaye. Isaya naye, katika sura ya 50, anasema amepewa ulimi wa watu waliofundishwa ili ajue kumtegemeza kwa maneno mtu aliyechoka, kisha anaeleza mafunzo hayo yanavyopatikana: asubuhi baada ya asubuhi Mungu huamsha sikio lake. Anayetaka ulimi wa namna hiyo hana budi kuanza na sikio.

Nilipofiwa na mume wangu niliambiwa mengi mazuri, nami siyakumbuki. Ninalolikumbuka ni la kijana mmoja muuza mahindi, aliyekuja turubai likiwa limekwisha kuondolewa, akaniambia kwamba mzee ndiye aliyemfundisha kutaja bei yake bila kuona haya. Alikaa dakika 10 hivi, akaondoka. Sikuwa nayajua hayo, na kwa wiki nzima nilikuwa na kitu kipya cha kumfahamu mume wangu.

Kuhusu mistari ya asubuhi, nitasema kwa ufupi, na usinikasirikie. Mithali 27 inatuonya kwamba ambarikiye rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani, na nahisi mwandishi wake alikuwa na jirani wa aina yangu na yako. Neno moja linalotumwa kwa watu 42 halimwoni yeyote kati yao. Ipumzishe kazi hiyo kwa muda, na badala yake chagua mtu mmoja kwa wiki, umwambie kwa jina lake jambo ulilomwona akilifanya: kwamba ulimwona akimsubiri bibi asiyeona vizuri hadi alipovuka barabara, au kwamba hesabu za kikundi zimenyooka tangu alipozishika yeye. Usimpambie. Sifa za kupamba mtu huzitambua, naye hubaki akijiuliza unataka nini kwake.

Sasa turudi kwa jirani yako. Nenda peke yako, siku ya kazi, saa ambayo wageni hawapo, na usiende mikono mitupu, kwa maana Yakobo anamshangaa mtu amwambiaye mwenzake akaote moto na kushiba huku hampi kitu. Akikukaribisha, mwambie: "Maneno niliyokuambia siku ile yalikuwa mabaya. Nisamehe." Usieleze nia yako ilikuwa nini, kwa sababu utakapoanza kujieleza, yeye ndiye atakayelazimika kukufariji wewe. Mtaje mtoto kwa jina lake. Kama uliwahi kumbeba, au kumwona akicheka mgongoni kwa mama yake pale kisimani, liseme hilo na si zaidi. Akilia, mwache alie, nawe ukilia si vibaya. Akinyamaza, tafuta vyombo uoshe. Usimwombee kwa sauti mpaka akuombe mwenyewe, na usimuulize kama amekusamehe.

Huenda asifungue mlango, na hiyo ni haki yake. Ukikuta amelala, usimwamshe. Mwachie mama mkwe wake maziwa, mwambie utapita tena Alhamisi, na Alhamisi upite.