Beseni ndani ya sinki: majibu kwa walioniuliza

Wiki mbili zilizopita nilieleza kwamba sinki langu, hapa Mwanga mjini Kigoma, halikai bila beseni ndani yake. Maswali yakamiminika. Nayajibu yale yaliyorudiwa na wengi, na mawese yatachukua nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayotuziba mabomba.

Shikamoo mama. Mume wangu amejenga jiko zuri lenye sinki. Kila nikiweka beseni ndani yake anasema namrudisha kijijini. Kweli ni ushamba? (Mke mgeni, Gungu)

Marahaba mwanangu. Si ushamba hata kidogo. Uingereza, nchi yenye mabomba kila nyumba, beseni la vyombo ndani ya sinki ni kitu cha kawaida kabisa. Nyumba nyingi za zamani kule zina koki mbili zilizoachana, moja ya maji moto na moja ya baridi, basi maji yanachanganyikia ndani ya beseni. Tena sinki la kauri ni gumu, glasi ikiteleza imekwisha, ila ikiangukia plastiki inapona. Marekani wengi hawana mazoea hayo. Kila watu na jiko lao.

Lakini mumeo usibishane naye kwa habari za Ulaya. Mpelekee ndoo. Mimi nilikinga ndoo ya lita 20 chini ya koki yangu, ikajaa kwa dakika tatu. Vyombo vya chakula cha usiku, nikiosha koki ikiwa wazi, vinanichukua robo saa. Hizo ni ndoo tano nzima zinazoondoka na povu. Kwa beseni natumia lita 8 za sabuni na lita 8 za kusuuzia, ndoo moja haiishi. Mwombe akinge ndoo yake mwenyewe, apige hesabu kwa bili anayolipa.

Sinki langu linaziba kila baada ya miezi miwili. Fundi anakuja, analipwa, anaondoka, linaziba tena. Beseni litanisaidia nini? (Mama wa watoto wanne, Katubuka)

Litakusaidia sana, ila ujue kwanza adui yako. Siku fundi alipofungua ule mkono uliopinda chini ya sinki langu, alitoa kipande cha rangi ya chungwa, kigumu kama mshumaa, kimeshika punje za wali na vichwa vya dagaa. Nilikishika mkononi. Kilikuwa mawese yangu mwenyewe, ya miezi mingi.

Mawese hayafanani na mafuta ya alizeti. Yanahitaji joto la karibu nyuzi 35 ndipo yayeyuke yote, na maji ya bomba letu hayafiki huko. Kwa hiyo sahani ikitoka mezani na mchuzi ukiwa vuguvugu, mafuta yanateremka vizuri, unadhani yamekwenda. Hatua moja mbele yanakutana na bomba baridi, yanaganda, na kila kitakachopita baadaye kinanasa hapo. Kumimina maji yanayochemka kwenye sinki lililoanza kuziba ni kuisogeza ile donge mbele tu, mahali ambapo fundi atalazimika kuchimba.

Fanya hivi. Futa sahani na sufuria kwa gazeti kuukuu kabla ya maji kugusa chochote, na gazeti liende jikoni kuwashia moto. Sufuria ya mchuzi itie maji ya moto yasiyo na sabuni, zungusha, mimina ndani ya beseni, acha. Usiweke sabuni bado, kwa sababu sabuni huyavunja mafuta yakachanganyika na maji, hutayakamata tena. Maji yakipoa utaona utando wa rangi ya chungwa umeelea juu. Uondoe kwa kijiko, utupe kwenye taka. Baada ya hapo ndipo uoshe kwa sabuni. Inakuongezea dakika chache, nami tangu nianze sijamwita fundi kwa shida hiyo.

Beseni langu jeupe limekuwa jekundu. Nimesugua kwa chuma cha kusugulia, wapi! (Msomaji, Ujiji)

Acha kabisa kusugua kwa chuma. Kinachimba mikwaruzo, na rangi na harufu vinajificha humo. Wekundu wa mawese ni rangi inayopenda mafuta, ndiyo maana maji hayaitoi. Paka mafuta ya kula kidogo, sugua kwa kitambaa, osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha lianike juani mchana kutwa, siku mbili au tatu. Jua linaifubaza rangi ile. Ukinunua jingine, chukua la rangi ya samawati iliyoiva.

Kwangu tunakula ugali wa muhogo na dagaa karibu kila siku. Maji moto au baridi? (Kijana anayejipikia, Kibirizi)

Hongera kwa kujipikia. Mwiko na sufuria ya ugali loweka kwenye maji baridi, peke yake, mara tu unapopakua. Maji moto yanaufanya unga uzidi kunata, utapambana na ukoko hadi usiku. Sahani za dagaa pia zianze na maji baridi, kwa kuwa moto unaivisha mabaki ya samaki yakagandia chombo. Ndipo ufuate maji moto na sabuni. Harufu ikibaki, kipande cha ndimu kinatosha.

Mpangilio wangu: glasi na vikombe kwanza, sahani, vijiko, sufuria mwisho. Kisu hakiingii kwenye povu. Kinashikwa mkononi, kinaoshwa, kinawekwa pembeni. Nimewahi kuona kidole cha binti kikishonwa kwa sababu ya kisu kilichozama ndani ya beseni.

Ninunue beseni la ukubwa gani? (Msomaji, Mwandiga)

Pima sinki kwa ndani kabla ya kwenda sokoni. Libaki pengo la kuingiza ngumi upande mmoja, ili umwage kimiminika bila kulitoa beseni na uone tundu la chini. La pembe nne linafaa kuliko la mviringo. Mdomo wake usifike kwenye koki.

Dada wa kazi analitumia beseni hilohilo kuloweka nguo za mtoto. Nikimwambia, anasema ameliosha. (Mama mwenye mtoto mchanga, Bangwe)

Hapo usilegeze. Beseni la nguo za mtoto ni la nguo za mtoto. Nunua mawili ya rangi tofauti na mweleze sababu kwa upole, maana pengine hakuna aliyewahi kumweleza. Sisi tuliokuwepo Kigoma mwaka 2015, kipindupindu kilipowashika wakimbizi wa Burundi pale kijijini Kagunga, tunajua ugonjwa wa choo unavyosafiri kwa mikono na vyombo.

Kila jioni osha beseni, lipindue kifudifudi likauke. Dodoki likaushwe juani, lisilale ndani ya maji. Mara moja kwa wiki tia Jiki, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwa lita 5 za maji baridi, dakika kumi, suuza. Usiichanganye kamwe na ndimu wala siki, hewa yake inaumiza mapafu. Na sufuria za alumini zisiingie humo, zitaharibika.

Maji machafu nimwage wapi? Jirani analalamika kuhusu inzi. (Msomaji, Buzebazeba)

Jirani ana haki. Pitisha maji kwenye chujio, mabaki yaende kwa kuku, halafu yamwage kwenye migomba. Migomba inayapokea bila shida. Badilisha shina kila siku ili pasituame, kwa sababu inzi wanafuata pale palipooza. Usimwagie mchicha wala matembele, majani yanayoliwa hayafai kulowa povu. Maji yaliyotiwa Jiki peleka chooni.